Picha za Roma, na Mjumbe Niliyempita Bila Kumwona



Wengi wenu mmeniomba niweke hapa picha nilizopiga Roma mwezi Septemba 2025, zile nilizowaonyesha ukumbini baada ya Misa ya pili. Nitaziweka, lakini kwanza ninalo deni la kulipa. Deni hilo ni la mwaka 2000, na mdai wangu ni bibi mmoja wa jumuiya ya ng'ambo ya mto, ambaye wenye umri mkubwa kati yenu mtamtambua hata nisipomtaja jina.

Mwaka ule wa Jubilei Kuu nilikuwa paroko msaidizi papa hapa, kabla ya kuhamishwa na kurudishwa tena. Nilipata nafasi ya kuungana na kundi la mahujaji waliokwenda Roma kwa siku nane. Nilibeba kamera ya kuazima na filamu mbili, kila moja ya picha thelathini na sita. Vijana wa leo mnaopiga picha mia kabla ya chai hamwezi kuijua hesabu ile. Kila mara uliposikia kamera ikilia, ulijua umetumia kitu ambacho hakirudi. Niliporudi nikazipeleka kusafishwa mjini. Baadhi zilikuwa zimeingia mwanga na kuharibika, zilizobaki nikazipanga katika albamu, na albamu hiyo ikazunguka jumuiya kwa jumuiya mpaka jalada lake likachanika.

Ilipomfikia bibi huyo, nilikuwapo. Aliifungua ukurasa kwa ukurasa bila haraka, akiuliza hapa ni wapi na pale ni wapi. Alipofika mwisho akaifunga, akaiweka mapajani na kusema, "Baba, haya ni majengo ya ajabu. Sasa sisi tumo wapi humu?"

Nilimjibu upesi, kama mapadre vijana wanavyojibu. Nikamwambia kwamba Kanisa ni moja, kwamba sote tumo kwa njia ya ubatizo, na kwamba Roma ni nyumbani kwa kila Mkatoliki. Akanitazama kwa heshima, akasema, "Sawa, Baba." Anayewafahamu wazee wetu anajua uzito wa "sawa" ya namna ile.

Swali lake halikuniacha. Nalitumia leo kama fimbo ya kutembelea ninapowapitisha katika picha hizi.

Picha ya kwanza, mwaka 2000 na mwaka 2025 pia, ni ya uwanja wa Mtakatifu Petro. Kila mgeni huanzia hapo, na kila mgeni huelekeza kamera kwenye kuba la basilika. Mimi pia. Laiti ningaliishusha kamera kidogo, ningaliweza kumjibu bibi nusu ya swali lake palepale. Katikati ya uwanja ule imesimama nguzo ya jiwe jekundu yenye urefu wa mita zipatazo 25 na uzito wa zaidi ya tani 300. Jiwe hilo lilitoka Afrika. Lilichongwa Misri, likaletwa Roma kwa meli zama za Kaisari Caligula, karibu na mwaka 40, na kusimikwa katika uwanja wa mashindano ya farasi pale Vatikani. Hapo ndipo mapokeo yanaposema Mtakatifu Petro aliuawa wakati wa Nero. Kwa hiyo, kama mapokeo ni ya kweli, jiwe hilo lilikuwapo Petro alipokata roho. Mwaka 1586 Papa Sisto wa Tano aliagiza lihamishwe mbele ya basilika. Kazi hiyo aliifanya fundi Domenico Fontana, kwa watu 900, farasi na kamba nyingi, na ilichukua miezi kadhaa kusogeza jiwe umbali ambao mtu huutembea kwa dakika chache.

Lakini jiwe si mtu. Bibi hakuuliza mawe yetu yako wapi.

Picha ya Koloseo nitaipita haraka, ingawa najua ndiyo inayopendwa. Watu hutaka niwaonyeshe mahali ambapo simba waliwala Wakristo. Naomba tuwe waangalifu. Uwanja ule ulianzwa na Kaisari Vespasiano na kufunguliwa na mwanawe Tito mwaka 80, miaka 12 baada ya kifo cha Nero. Wale waliouawa na Nero baada ya moto wa mwaka 64 hawakuuawa humo, maana haukuwapo. Watu wengi mno walikufa mle kwa ajili ya kuwafurahisha watazamaji, na inawezekana Wakristo walikuwa miongoni mwao; lakini ushahidi wa hakika juu ya mfiadini fulani kufa ndani ya kuta zile ni mchache kuliko tunavyodhani. Heshima ya wafiadini haipungui tukisema kweli juu ya mahali walipofia.

Sasa tufike mahali nilipotaka kuwafikisha, Basilika ya Bikira Maria Mkuu, ambayo Waitalia huiita Santa Maria Maggiore. Ipo juu ya kilima cha Esquilino, si mbali na kituo kikuu cha treni. Mnara wake wa kengele, wa karne ya 14, ndio mrefu kuliko minara yote ya makanisa ya Roma. Ukija kutoka kituoni, kwanza unaona mabasi, wauza miwani, wageni wenye mabegi ya magurudumu, na sauti za lugha zote za dunia. Halafu unaingia ndani, na kelele ile inakatika.

Basilika hii ilijengwa na Papa Sisto wa Tatu baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431. Mtaguso huo ndio uliothibitisha kwamba Maria anaitwa kwa haki Mama wa Mungu, na aliyeuongoza alikuwa Mtakatifu Sirili, askofu wa Aleksandria ya Misri. Juu ya nguzo, pande zote mbili za ukumbi mrefu, zimepangwa picha za mozaiki za tangu karne ile ya tano: Abrahamu akiwapokea wageni watatu, Musa na watu wake wakivuka bahari, Yoshua na vita vyake. Ni vijiwe vidogo vidogo vya rangi, vimebanwa ukutani na mafundi ambao majina yao hayakubaki, na vimekaa pale kwa karibu miaka 1,600. Mbele, juu ya altare, kuna mozaiki ya baadaye, ya mwaka 1295 hivi, kazi ya Jacopo Torriti, inayomwonyesha Kristo akimvika Mama yake taji. Dari ni la mbao lililopakwa dhahabu. Husemekana ni sehemu ya dhahabu ya kwanza iliyoletwa kutoka Amerika. Mimi hulitazama dari lile kwa moyo wenye nusu mbili, kwa sababu najua dhahabu ile ilichimbwaje na nani walitumikishwa.

Kuna jambo moja la historia ya basilika hii ambalo kila Mswahili anayesali anapaswa kulijua. Karne ya tisa ndugu wawili, Watakatifu Sirili na Metodi, waliwahubiria Waslavi na kutafsiri vitabu vya liturujia katika lugha yao. Wapinzani wakasema Mungu asifiwe kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini peke yake, zile lugha tatu zilizoandikwa juu ya msalaba. Ndugu wale wakaenda Roma. Papa Adriano wa Pili akavipokea vitabu vyao na kuviweka katika kanisa hili la Bikira Maria, na Misa ikaimbwa Roma kwa lugha ya Kislavi. Sirili huyu hakurudi tena. Alifariki Roma mwezi Februari 869 na kuzikwa huko. Sisi tulianza kusikia Misa nzima kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, kutokana na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani. Kumbe shauri letu lilikwisha kupata wakili miaka mia kumi na moja kabla yetu.

Mwaka 2000 niliyaona hayo yote, au tuseme macho yangu yaliyapita. Kiongozi wa msafara wetu alikuwa na saa mkononi na mwavuli uliokunjwa juu ya kichwa, na alitupa dakika arobaini. Nilipiga picha tatu: dari, altare, na mahujaji wenzangu wakipepea mikono. Tukatoka, tukapanda basi.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa naongea na padre mwenzangu aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Urbaniana kule Roma. Nilimsimulia swali la bibi kama kichekesho juu yangu mwenyewe. Hakucheka. Aliniuliza, "Santa Maria Maggiore uliingia? Upande wa kulia, penye ubatizo?" Nikasema sikumbuki. Akasema, "Basi ulimpita mjumbe wetu."

Huyo mjumbe ndiye habari yangu ya leo.

Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo mwishoni mwa karne ya 15, wakakuta ufalme wenye mji mkuu, majimbo, kodi na mahakama. Mji huo, Mbanza Kongo, upo leo kaskazini mwa Angola, na tangu mwaka 2017 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Mwanawe Afonso, aliyetawala tangu mwanzoni mwa karne ya 16, alikuwa Mkristo wa kusoma na kuandika, na barua zake kwa wafalme wa Ureno zimehifadhiwa hadi leo. Mwana wa Afonso, Henrique, aliteuliwa kuwa askofu mwaka 1518. Zingatia mwaka huo, ndugu msomaji. Tunazoea kusema Ukristo wa Afrika kusini mwa Sahara ni mtoto wa karne ya 19. Nasi huku Afrika Mashariki, tukihesabu kuanzia misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, tunasema kweli juu ya kwetu. Lakini kule Kongo kulikuwa na askofu mzalendo kabla Mtaguso wa Trento haujafunguliwa.

Si habari ya utukufu mtupu. Mwaka 1526 Afonso aliandika kwa mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wa Kireno wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakuu, na kuwauza. Haki inatudai tuseme pia kwamba ufalme wa Kongo wenyewe uliuza mateka wa vita. Ubatizo na biashara ya watumwa vilipanda meli moja na kushuka bandari moja. Padre anayeisimulia historia hii akificha sehemu hiyo, anawadanganya waamini wake.

Mwaka 1596 Papa Klementi wa Nane aliunda jimbo katika mji mkuu wa Kongo. Lakini haki ya kupendekeza maaskofu ilikuwa mikononi mwa mfalme wa Ureno, na wakati huo Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Maaskofu na mapadre walikuja kwa ridhaa ya Lisbon, na waligombana na wafalme wa Kongo mara kwa mara. Mfalme Álvaro wa Pili, aliyetawala kuanzia 1587 hadi 1614, alitaka jambo lililo rahisi kulisema na gumu kulipata: azungumze na Baba Mtakatifu mwenyewe, bila mtu wa katikati. Akachagua mjumbe, Antonio Emanuele Ne Vunda, akampa barua na kumtuma.

Ne Vunda aliondoka mwaka 1604. Safari za siku zile zilifuata upepo, naye akapitia Brazili kabla ya kuelekea Ulaya. Baharini maharamia wa Kiholanzi waliwapora. Akafika Ureno, kisha Hispania, na huko akacheleweshwa muda mrefu, kwa kuwa watawala wa huko hawakuwa na haraka ya kumwona Mwafrika akifikisha mashtaka yao Roma. Wenzake walikuwa wakifa kwa magonjwa mmoja baada ya mwingine. Alitoka kwao na msafara wa watu zaidi ya ishirini; alipoingia Roma, tarehe 3 Januari 1608, walikuwa wamebaki wanne tu, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kubebwa.

Miaka minne njiani. Mara nyingi nimejaribu kuyafikiria mapokezi yaliyokuwa yakiandaliwa. Papa Paulo wa Tano alikuwa ameagiza atayarishiwe vyumba ndani ya jumba la Vatikani, na maandamano ya kumpokea rasmi yalipangwa kufanyika siku ya Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari. Mnaelewa maana yake. Katika picha za Wazungu, mmoja wa Mamajusi alikuwa akichorwa mweusi tangu zamani. Sasa Roma ingemwona mjumbe wa mfalme mweusi akipita barabarani siku yao hasa, akija na barua zake.

Siku ile haikumkuta hai. Papa alisikia hali yake ni mbaya, akaenda mwenyewe kitandani kwake na kumpa baraka. Ne Vunda akafariki usiku wa kuamkia sikukuu. Njia zilizokuwa zikingojea shangwe zikapitisha jeneza, kwa heshima zinazostahili balozi wa mfalme, na akazikwa ndani ya Basilika ya Bikira Maria Mkuu. Papa akaagiza sanamu yake ichongwe, na kazi akapewa Francesco Caporale. Tukio la Papa kando ya kitanda cha mgonjwa lilichorwa ukutani katika vyumba vya Maktaba ya Vatikani, na wajumbe wa Kongo wanaonekana pia katika ukumbi mkubwa wa jumba la Quirinale, pamoja na wajumbe wa Uajemi na wa Japani. Jumba hilo leo ni makao ya Rais wa Italia.

Je, ujumbe wake ulipotea? Mwanahistoria atajibu kwa tahadhari. Mfalme wa Kongo hakuupata uhuru aliouomba. Lakini mawasiliano ya Kongo na Roma hayakukatika pale kaburini. Baadaye wafalme wa Kongo walimkabidhi padre mmoja Mhispania aliyeishi Roma, Juan Bautista Vives, kazi ya kuwasemea mbele ya Papa. Mwaka 1622 likaundwa Shirika la Kueneza Imani, ili umisionari usiwe tena mali ya wafalme wa Ulaya peke yao. Vives alitoa jumba lake kwa ajili ya kazi hiyo, na humo Papa Urbano wa Nane akaanzisha, mwaka 1627, chuo cha kuwalea mapadre kutoka nchi za misioni. Wakapuchini walifika Kongo mwaka 1645. Na chuo kile cha mwaka 1627 ndicho kilichozaa Urbaniana, alikosoma padre mwenzangu aliyeniuliza kama niliingia upande wa kulia. Siwezi kusema Ne Vunda ndiye aliyekianzisha. Ningekuwa natia chumvi. Nasema tu kwamba mtu aliyetoa nyumba yake kwa chuo hicho alikuwa pia msemaji wa Kongo, na kwamba mapadre wengi wa Afrika Mashariki wamekula mkate wa nyumba hiyo.

Mwaka 2025, mwaka mwingine wa Jubilei, nilipata tena nafasi ya kwenda. Safari hii nilikwenda na simu badala ya kamera, na nilikuwa na shabaha moja tu.

Nilikuta foleni kubwa. Mnajua kwamba Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, alizikwa katika basilika hiyo tarehe 26 Aprili, karibu na picha ya Bikira Maria ambayo alikuwa na desturi ya kusali mbele yake kabla na baada ya kila safari ya kitume. Kaburi lake ni jiwe jeupe lenye neno moja, Franciscus, na juu ukutani nakala ya msalaba wake wa kifuani. Nilipanga foleni kama wengine, nikapita, nikasali. Huwezi kusimama hata kwa muda wa Salamu Maria moja. Walinzi wanakuomba usogee, nao wana haki, kwa maana nyuma yako kuna maelfu. Kaburi hilo lipo upande wa kushoto wa basilika, hivyo bahari yote ya watu inaelekea kushoto.

Mimi nikavuka, nikaenda kulia.

Penye ubatizo palikuwa na utulivu. Kuna sanamu ya Bikira Maria akipalizwa mbinguni, kazi ya Pietro Bernini, baba wa yule Bernini mashuhuri zaidi, ambaye naye amelala katika basilika hiyohiyo chini ya jiwe la kawaida kabisa. Na kuna huyo mjumbe. Ni sanamu ya kichwa na mabega, iliyochongwa kwa mawe ya rangi mbalimbali. Uso ni wa jiwe jeusi linalong'aa, macho yametiwa weupe wake, na mavazi yamefumwa kama wavu, vazi la heshima la watu wa kwao, pamoja na podo la mishale. Wapo wanaokasirishwa na podo lile, wakisema fundi alitaka kumfanya mtu wa porini. Sina hakika na nia ya fundi. Uso alioutoa ni wa mtu mzima mwenye mawazo, wala haukuchongwa kwa dhihaka. Jina walilompa Warumi, hata hivyo, lilikuwa "Nigrita", yaani kama kusema "yule mweusi". Mtu aliyebeba barua za mfalme kwa miaka minne, jina lake la mtaani likawa rangi yake.

Nilisimama pale karibu nusu saa. Hakuna aliyeniambia nisogee. Niliuona uso huo na nikamkumbuka, sijui kwa nini, katekista wetu wa zamani wa kigango cha juu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akitembea siku nzima kwa miguu kuleta daftari la ubatizo parokiani. Nikapiga picha. Mkono ulitetemeka, na mwanga wa dirishani uliingia vibaya. Picha ndiyo hiyo mliyoiona, nyeusi katikati na nyeupe ukingoni. Nilipiga nyingine sita, zote zilitoka hivyo hivyo. Nikasema basi, itatosha.

Siku ile ukumbini wengi wenu mlishangilia picha ya Papa Leo wa Kumi na Nne akipita kwenye gari, na haki yenu. Mjumbe alipotokea ukutani, kulikuwa na minong'ono, kisha mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama huyo ni babu yake nani.

Bibi hakuwapo. Ana zaidi ya miaka themanini na mitano sasa, na miguu haimruhusu kuvuka mto. Nikampelekea Komunyo Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, nikiwa na picha ile imechapwa kubwa kwenye karatasi. Baada ya sala nikamwambia, "Bibi, mwaka 2000 uliniuliza swali." Alikuwa amelisahau, sikulitegemea hilo, na nakiri liliniuma kidogo. Nikamkumbusha, nikampa picha, nikamsimulia habari yote kama nilivyowasimulia ninyi. Aliishika karatasi karibu sana na macho. Akauliza kama alikuwa na mke. Nikasema sijui. Akauliza kama wale wanne waliobaki walirudi kwao. Nikasema hilo nalo sijui. Akauliza, "Na Misa ya kumwombea, huwa wanamsomea?"

Kwa hilo pia sikuwa na jibu.

Akamwita mjukuu wake alete kikopo cha chai, kile anachowekea fedha zake. Akahesabu, akaniwekea mkononi. Mjukuu akaandika jina kwenye ukurasa wa daftari la shule, nikilitaja herufi kwa herufi, mara mbili, kwa sababu bibi alitaka liwe kamili: Antonio Emanuele Ne Vunda, mjumbe. Karatasi hiyo niliitia katika bahasha ya marehemu wa mwezi Novemba pamoja na majina yenu mengine. Misa yake ilisomwa Jumatano ya pili ya mwezi huo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na mvua ilikuwa inanyesha.